Majina ya Pembeni

Leo nimenunua chupa ya wino, na harufu yake imenirudisha kwenye ukumbi wa mtaa wetu, Eastlands, baba alipokuwa akitunga mchezo wa kuigiza. Majirani walikuja mazoezini kumkosoa.

“Chifu hafoki hivyo, Mwalimu,” mama mboga alimwambia. “Huanza kwa kutabasamu.”

Baba akabadilisha. Hakutaka kumwibia mtu wazo lake, kwa hiyo mimi, mwenye mwandiko unaosomeka, niliandika pembeni jina la kila aliyetoa neno.

Kabla ya onyesho la kwanza, polisi walikuja nyumbani kuuchukua mswada. Mkubwa wao aliufunua, akatabasamu, akausifu mwandiko wangu. Kisha akanionyesha jina la mama mboga, akaniuliza anaishi wapi.

Nikampeleka hadi mlangoni, nikabisha mwenyewe.