Ukuta wa Soko

Tangu afiwe na mumewe, Mama Rangi ndiye aliyepaka kuta zote za halmashauri, na kazi hiyo ndiyo iliyolisha nyumba yake. Barua za siri kati ya serikali na ubalozi mmoja wa nje zilipovuja, mji mzima ulisoma kwenye simu maneno ambayo waziri alimnong'oneza balozi: "Watu wetu husahau upesi." Kulipokucha, ukuta wa soko ulikutwa umeandikwa kwa mkaa: HATUJASAHAU.

Msimamizi akamletea ndoo ya chokaa. "Shangazi, futa hayo kabla mkubwa hajapita."

"Haya ni maandishi, au kuku kapekua?"

"Wewe futa tu. Unataka kibarua chako kiote nyasi?"

"Kikiota nitafuga mbuzi."

Wachuuzi wakaangua kicheko. Mama Rangi akaisukuma ndoo pembeni kwa mguu, akafungua kopo la rangi nyekundu ya mafuta, ile isiyoogopa mvua, akapiga mstari kwa kamba, kisha akaanza kuinyoosha herufi ya kwanza.

Msimamizi akatoa simu ampigie mkubwa.

"Mwambie aje," alisema Mama Rangi bila kugeuka, "ila asiguse. Bado mbichi."