Mbege ya Kutoa Kutu

Basili ni mwoga, na wala hafichi. Huku kwetu Kibosho mwanaume akiona nyoka husema kwamba hampendi nyoka. Basili husema anamwogopa, kisha anaondoka. Anaendesha basi la shule, na wazazi wanampendea woga huohuo, maana kwenye barabara zetu za mawe na makorongo basi lake hutembea kama limebeba mayai. Watoto wanamcheka kila siku. Wanafika salama, lakini wanamcheka.

Ndiyo maana wengi tulishangaa kusikia kwamba mtu huyo anafufua pikipiki.

Pikipiki ilikuwa ya baba yake, Mzee Ildefonce, ambaye zamani alikuwa bwana shamba wa kahawa, akipanda na kushuka nayo kukagua mibuni ya watu. Ni ya Kiingereza, nzito, ya enzi ambazo watengenezaji hawakubania chuma. Ilipogoma iliegeshwa nyuma ya banda la ng'ombe, ikafunikwa turubai, na maisha yakaendelea. Kuku walitagia kwenye kiti chake. Basili aliitoa huko mwaka jana, baada ya mama yake kufariki, kwa sababu baba yake alikuwa amenyamaza. Mzee alikula, alisali, alijibu salamu, basi. Ukikaa naye kibarazani unaweza kudhani uko peke yako. Basili akajiambia kwamba mzee akiiona pikipiki yake inang'aa siku ya somo wake, mtakatifu aliyebatizwa kwa jina lake, mwezi wa kwanza, huenda akapata la kusema. Goti lilikuwa halimruhusu mzee kufika nyuma ya banda, kwa hiyo hakujua lolote.

Kuiendesha, Basili hakuwa na mpango huo kabisa.

Kila akitoka kazini alijifungia stoo na kipande kimoja. Alianza na msasa mkali, akahamia ule laini wa kutumia maji, halafu dawa ya kung'arishia na soksi kuukuu, akisugua mpaka chuma kinamwonyesha pua yake mwenyewe. Hendeli ilitoka vizuri. Ekzosi ilimsumbua lakini nayo ikatii. Shida ilikuwa vitu vidogo: nati, vifuniko, vyuma vya breki, vile vyenye pembe ambazo kidole hakifiki.

Hafidhi, fundi wake wa Shirimatunda, alimpa ushauri kwa simu. "Tia maji ya betri, kaka. Ukiamka asubuhi kutu yote kwisha habari yake."

"Hayaunguzi?"

"Ukiyachezea yanaunguza."

Hilo jibu lilimtosha Basili kuyakataa. Akakumbuka kwamba mama yake alikuwa akiloweka mapanga yenye kutu ndani ya mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ikishachacha, na mapanga yanatoka meupe. Mbege ni chakula. Tunakunywa harusini, tunakunywa msibani, mtoto akibatizwa tunakunywa. Itamdhuru nani? Akanunua ndoo ya mbege iliyochacha kilabuni, akaimwaga kwenye pipa la plastiki la marehemu mama yake, kwenye jiko la nje alikokuwa akipikia pombe, akazamisha vyuma vyote: vya kromu, vya shaba, na vingine bado vina rangi ya zamani. Ulezi ukaelea juu, vyuma visionekane. Akafunika kwa jani la mgomba, kama mama alivyokuwa akifunika, ili inzi wasiingie.

Mtu wa kwingine angeandika juu yake kwamba ni sumu. Lakini nani huku kwetu ataandika sumu juu ya mbege?

Alasiri ya siku iliyofuata alirudi kutoka kazini, akaenda moja kwa moja jikoni kwa mama. Jani lilikuwa limesogezwa. Kata ya mama, ile ya kibuyu iliyokuwa imetundikwa msumarini tangu mazishi, ilikuwa juu ya kinu, imelowa. Basili alisimama pale akiitazama. Akaingiza mkono ndani ya pipa, akatoa chuma kimoja cha breki. Kutu ilikuwa imetoka kabisa. Rangi nayo ilikuwa imetoka, na kromu ilibanduka vipandevipande, na pembeni ya shaba kulikuwa na ukijani. Vyote hivyo vilikuwa vimeingia kwenye mbege.

Mzee Ildefonce alikuwa kibarazani, kwenye kiti chake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umerudi."

"Baba, umeingia jikoni kwa mama?"

"Nilipita."

"Umekunywa kitu kule?"

Mzee akageuza macho kwenye migomba. "Sijanywa."

Jasho lilikuwa limemjaa kwenye paji la uso, na midomo ilikuwa imepauka. Basili alimfahamu baba yake kama mtu asiyesema uongo hata kwa mgeni asiyemtaka. Kumsikia akidanganya kulimtisha kuliko lile pipa. Alikimbilia ndani kwa mkewe, Lukresia, akamwambia yote kwa pumzi moja. Lukresia aliziacha ndizi alizokuwa akizimenya.

"Umeweka vyuma kwenye pipa la mama? Na baba anajua?"

"Hajui. Nikimwambia atashtuka, presha itapanda."

"Basili, mwambie baba."

Walipotoka nje mzee alikuwa ameinama kwenye mibuni, ameshika tawi, anatapika. Matapishi yalikuwa na ukijani. Hapo Basili hakumwambia tena mtu yeyote chochote. Alivuka uzio mpaka kwa jirani yake, Praygod, akaomba funguo za pikapu kwa sauti ambayo Praygod anasema hajawahi kuisikia, na Praygod akampa bila kuuliza.

Mimi nilikuwa barabarani siku hiyo, ninatoka kuchukua majani ya ng'ombe. Nilisikia gari linashuka, nikadhani ni vijana wa malori ya mchanga, nikarukia mtaroni na mzigo wangu. Ilikuwa ni Basili. Alipita na vumbi lote la kijiji, mdomo wazi, huku mkewe amemkumbatia mzee pembeni yake. Nikajua kuna kifo. Sikuwaza kitu kingine.

Ndani ya gari, Lukresia anasimulia, Basili alikuwa akiuliza kila kona, "Baba, unanisikia?" na mzee anajibu kwamba anasikia, ni maharage tu ya jana, apunguze mwendo. Kisha wakafika mahali mzee hakujibu. Basili aliuliza tena. Mzee alikuwa amefumba macho, kichwa kinafuata mashimo ya barabara. Basili alianza kulia huku anaendesha. Aliogopa kusimama na aliogopa kutosimama, na alimwomba mama yake, kwa jina, asimchukue mzee leo.

Hospitalini waliwapokea haraka. Mzee alifumbua macho alipolazwa kitandani, na daktari kijana, Rachel, akasimama juu yake.

"Amekunywa nini?"

"Sijanywa kitu, daktari," mzee akasema.

Basili akashika chuma cha kitanda. "Amekunywa mbege niliyolowekea vyuma," akasema. "Nati, kromu, shaba, na rangi ya zamani. Ilikuwa ya kutoa kutu. Ni ya pikipiki yako, baba. Naitengeneza. Haikuwa ya kunywa."

Mzee alimgeukia taratibu.

"Ya kutoa kutu?"

"Ndiyo, baba."

"Mimi nilidhani umepika wewe."

Mzee alilamba midomo, akaendelea kwa shida. Aliona pipa la mkewe limefunikwa jani, vilevile kama alivyokuwa akilifunika. Akadhani kijana amejaribu mkono wa mama yake, kwa ajili ya siku ya somo, na ameona haya kumwambia. Na nyumba ikipika, mwenye nyumba ndiye anayeonja kwanza. Kila mtu anajua hivyo.

"Funda la kwanza tu nikajua imeharibika," akasema. "Lakini nikiimwaga, utaona aibu. Nikamaliza kata."

"Kata moja, babu?" daktari akauliza. "Ni muhimu sana unieleze ukweli."

"Nikamsikia huyu anasalimiana na watu kule mbali njiani. Nikachota ya pili. Nilitaka akute imepungua, ajue nimeipenda."

Basili alikaa chini sakafuni, hapohapo, miguuni pa daktari, na ikabidi mtu amvute pembeni ili wapitishe dripu.

Walimlaza mzee kwa siku kadhaa. Kila asubuhi walikuwa wakipima mkojo wake kuona kama figo zinafanya kazi, na kila asubuhi Basili alisubiri nje ya wodi akiwa hawezi kumeza hata chai. Figo hazikufa. Tumbo lilikaa sawa. Mzee alirudi nyumbani amekonda, akinyamaza kama zamani, na siku ya somo wake ikafika.

Basili aliitoa pikipiki uani. Sisi majirani tulikuwepo, na tuseme ukweli, iling'aa. Mzee alisaidiwa kusimama. Akapitisha kiganja kwenye tangi, kwenye ekzosi, kwenye hendeli.

"Imependeza sana, mwanangu," akasema.

Nilikuwa namtazama Basili. Rangi ilimtoka usoni kama siku ile kwenye pikapu. Alisogea mpaka karibu kabisa na baba yake.

"Baba, naomba usiniambie hivyo. Naogopa. Niambie kilichoharibika."

Mzee akainama kwa shida, akashika spoki moja ya gurudumu la nyuma, akaitikisa.

"Hizi zimelegea," akasema. "Na tangi hili halikuwa jekundu, lilikuwa jeusi. Nani alikwambia jekundu? Kifuniko hiki umekisugua mpaka umekula maandishi. Na breki umeifunga kinyume, hii ingeniua mimi au wewe."

Aliendelea, kasoro moja baada ya nyingine, akizunguka pikipiki huku ameshika bega la mwanawe, mpaka Lukresia akaja mara ya pili kusema chakula kinapoa. Basili machozi yalikuwa yakimtoka, na alikuwa akiitikia kila neno. Halafu akaenda kuleta spana.