Simu ya Shahidi

Mama yule kutoka Lambwe aliniletea simu Jumatatu, kioo chake kimepasuka chote. Aliniandikia namba ya kuifungulia kwenye karatasi, akaniita dada kwa Kijaluo: "Nyamera, Alhamisi niko kortini Homa Bay. Siwezi enda bila simu."

Nikamuuliza kesi ya nini, maana mdomo wangu haujui kutulia.

"Wanasema mzee wangu alikata mtu panga. Mimi ndio shahidi. Wananiuliza kama hiyo jioni alikuwa nyumbani."

Hakusema kama mumewe alikuwa nyumbani, na safari hiyo hata mimi sikuuliza.

Ninatengeneza simu Migori mjini, kwenye kona ya duka la mfanyabiashara Mwislamu aliyehamia hapa kutoka Mombasa. Yeye hukatiza biashara akaenda kuswali, mimi Msabato Jumamosi sifungui hata wateja wanitukane. Tunaheshimiana sana, ila mazungumzo hatuna. Jioni narudi chumbani kwangu, kwenye sahani moja na kikombe kimoja. Kuna siku nagundua kwamba tangu asubuhi sijasema lolote zaidi ya "betri imekufa" na "rudi kesho".

Ukiweka kioo kipya lazima ukipime. Unagusa pembe zote uone kama kuna mahali pasiposikia kidole. Jumanne nilipoiwasha simu ile, nilikuta gemu imefunguliwa. Haikuwa ya kukimbizana wala ya kupiga risasi. Ilikuwa hadithi ya kusoma. Picha imetulia, maneno yako chini yake, na kila baada ya kitambo unaulizwa utajibu nini, kisha hadithi inafuata jibu lako. Unaweza kurudi nyuma ukasoma tena, lakini jibu ukishalitoa, maji yamemwagika.

Katika hadithi hiyo, kijana mmoja mpole amekupa hifadhi katika nyumba yake mlimani. Anakupikia. Anakuuliza kama umekula. Pia ameua: jirani aliyekuja kukujulia hali amekutwa kisimani, na viatu vya kijana vimejaa matope. Sasa polisi yuko mlangoni anakuuliza. Majibu ni mawili: useme alitoka, au useme mlikuwa pamoja.

Mama wa Lambwe alikuwa ameishia hapo, hajabonyeza. Sikuhitaji kuelezwa kwa nini.

Mtu mwenye akili angezima. Kioo nilikwisha kukipima, kilikuwa kizima mpaka pembeni. Lakini mvua ilinyesha, mteja hapakuwa na hata mmoja, nikarudi mwanzo nikaanza kusoma. Nilimchukia kijana yule kwa jinsi alivyoyafunga madirisha kwa nje. Kisha akaniuliza kama nimekula, nami kweli sikuwa nimekula, nikajikuta natabasamu peke yangu kama mjinga. Mchana mzima ulipita hivyo. Nilipofika tena pale polisi anapouliza mlangoni, mimi niliyezikariri amri zote kumi kabla sijajua kufunga kamba za viatu, nilibonyeza: tulikuwa pamoja. Polisi akaenda zake. Kijana akanishika mkono akanishukuru, nami nikayasoma maneno yake mara tatu.

Jumatano mama yule alikuja kuichukua simu yake. Hakuangalia ujumbe wala picha. Alifungua gemu.

"Nani alibonyeza hapa?"

"Ni mimi, mama. Nilikuwa napima kioo."

"Kupima kioo si ni kugusa tu?"

Mwenye duka alikuwa msikitini, hapakuwa na wa kuniokoa.

"Miezi miwili nimekaa hapo," akasema. "Nilitaka nione kama mkono wangu unaweza kusema ukweli."

Nilisubiri matusi, na nilistahili. Badala yake aliegemea meza yangu, akanitazama kama mtu anayeuliza njia. "Na vile ulimtetea, ulisikia aje?"

Hapo ningeweza kusema nilijuta. Ningesema sikupata usingizi, naye angepanda gari la Homa Bay na jibu hilo. Lakini nilikwisha kumkosea, nikaona nisimwongezee uongo.

"Nilisikia vizuri," nikamwambia. "Ilikuwa kama kuna mtu nyumbani."

Aliitikia kwa kichwa, polepole. Akaifunga simu kwenye leso, akasema, "Ero kamano, nyamera," akaelekea stejini kutafuta gari. Alikuwa ananishukuru, na shukrani ile iliniuma kuliko tusi lolote.

Sijui alisema nini mbele ya hakimu. Hajarudi, nami naogopa kumuulizia. Najitetea kwamba nilimwambia ukweli. Lakini kule Lambwe kuna mtu aliyekatwa panga, na siku ile hakunijia akilini hata kidogo. Hata yule jirani wa kisimani sikumfikiria nilipobonyeza. Niliwaza tu kwamba wakimchukua kijana, hakuna atakayeniuliza kama nimekula.