Gari la Zawadi Linalobeba Watatu

Alfajiri hii ni zamu ya Mzee Asomua kubaki.

Fuatino Lemana anachomoa waya wa chaji kwenye ukuta wa nyumba ya kamati ya akina mama na kuuzungusha mkononi kama kamba ya kuanikia nguo. Anawasha gari. Halingurumi. Badala yake, sauti ya mwanamke inasalimu kutoka kwenye dashibodi kwa Kijapani, lugha ambayo hakuna anayeielewa katika kijiji hiki cha Aleipata, mashariki mwa kisiwa cha Upolu, Samoa.

"Leo anasema nini?" anauliza Mzee Asomua. Hasafiri na gari, lakini ametoka kuwaaga wenzake.

"Anasema umenenepa," anajibu Fuatino.

"Mwambie ni maji tu, mwanangu. Figo zangu zikipona nitakuwa na kiuno kama chake."

Wagonjwa watatu waliokwisha kuketi wanacheka. Fuatino anafunga mlango taratibu. Mzee anabaki kando ya barabara na mfuko wake wa nguo, akisubiri basi.

Wote wanne ni wagonjwa wa figo. Mara tatu kwa wiki lazima wafike Apia, mji mkuu, wakasafishwe damu kwa mashine, na kati yao na mashine hiyo kuna mlima wa Le Mafa. Basi la abiria huwafikisha, lakini mashine inapomwachia mgonjwa, basi la mwisho la kurudi huwa limeshaondoka. Aliyepanda basi hulala mjini kwa ndugu, kama anao. Asipokuwa nao, hulala sokoni.

Fuatino ana umri wa miaka arobaini na minne na watoto watano. Aliendesha teksi mjini kabla kamati haijamwajiri kwa mshahara wa tala mia moja na themanini, fedha ya Samoa, kwa wiki. Wakati huo kijiji kilikuwa na basi dogo la dizeli, kuukuu, lenye kiti kimoja kilichofungwa kwa waya. Lilitoa moshi mlima mzima, lakini liliwabeba wote wanne, na mikeka yao, na magimbi ya kuwapelekea ndugu wa mjini.

Kisha ikaja zawadi.

Penitoa, mtoto wa kijiji hiki anayeishi Auckland, alinunua gari jipya. Lile la zamani, la umeme, alilolitumia miaka mingi kwenda na kurudi kazini, hakutaka kuliuza. Alilitoa kwa shirika la hisani na kuomba lipelekwe kwao, likawabebe wagonjwa. Hakuna anayetilia shaka moyo wake. Mama yake alilia kwa furaha siku lilipoingia uwanjani likiwa limevishwa mashada ya maua, likisindikizwa na kwaya ya kanisa kutoka kisiwa cha Savai'i, iliyokuja kulikabidhi kwa niaba ya Penitoa.

Kwa Wasamoa, zawadi hutangazwa kwa sauti mbele ya watu wote, na mkono mtupu haulambwi. Aliyepokea lazima ajibu. Siku hiyo mikeka laini ya heshima, ambayo ndiyo hujibu zawadi, ilikuwa imekwisha, kwa sababu wiki iliyotangulia kijiji kilikuwa na msiba mkubwa. Mzee Tofa, msemaji wa kijiji, alisimama na fimbo yake, akatazama huku na huku. Jicho lake likatua kwenye basi la dizeli.

Akawapa wanakwaya lile basi.

"Watu walipiga makofi," anasema Fuatino. "Hata mimi nilipiga. Nilikuwa na funguo mfukoni, nikampelekea Mzee Tofa mimi mwenyewe."

Kesho yake basi lilivuka kwa feri kwenda Savai'i. Neno lililosemwa uwanjani halirudi mdomoni.

Safari ya kwanza na gari la umeme iliishia katikati ya mlima. Betri ilikuwa imechoka. Huko Auckland ilitosha kumfikisha mtu mmoja ofisini, lakini kwa watu watano kupanda Le Mafa, chaji ilishuka kama nazi kutoka mtini. Fuatino alijaribu kuzima kiyoyozi, akashusha mizigo, akaendesha polepole mpaka mbwa wakawa wanampita. Mwishowe alijua: dereva na wagonjwa watatu. Wa nne, hapana.

Alimwendea mwenyekiti wa kamati. Anasema alijibiwa kwa upole, na kwamba upole huo ndio uliomfunga mdomo.

"Ukisema gari bovu, dada, umesema Penitoa mbovu," mwenyekiti alimwambia. "Na mama yake tunakaa naye benchi moja kanisani."

Ndipo ikaanzishwa zamu ya kubaki, na anayeitaja kila asubuhi ya safari ni Fuatino.

Mama Saunoa, msuka mikeka na mmoja wa wagonjwa wanne wa wakati huo, alikuwa akizichukua zamu za wenzake. "Mimi ndiye mzito kuliko nyote," alikuwa akisema, "niacheni hapa, gari lipumue." Fuatino alimkatalia mara nyingi. Mara nyingine, anakiri, alikuwa amechoka kubishana.

Wiki moja ya mvua kubwa zamu ilikuwa ya Saunoa kweli. Gari lilipita. Nyuma yake mto ulifunika daraja, na basi halikuja siku hiyo wala iliyofuata. Alifariki nyumbani, mkeka wake ukiwa umesukwa nusu.

Hospitali ilisema ni figo. Mchungaji alisema ni mapenzi ya Mungu. Penitoa alituma shada kubwa kuliko yote.

"Baada ya mazishi wakabaki watatu," anasema Fuatino, akitazama mikono yake juu ya usukani. "Gari likawatosha. Nikajikuta nashukuru. Unajua ni kitu gani hicho, kushukuru hivyo?"

Mwezi uliopita Meripa, mwalimu wa shule ya msingi, alianza matibabu. Wakawa wanne tena.

Krismasi hii Penitoa anakuja nyumbani kupewa cheo cha ukoo. Amepiga simu akiomba asubuhi moja asafiri na wagonjwa, apige picha za kuwaonyesha watu wa shirika, ili na wengine wahamasike kutoa magari yao. Kamati inataka siku hiyo wagonjwa wawili waende kwa basi kimyakimya, mgeni asione aibu.

Fuatino amekataa. Ni mara yake ya kwanza kuikatalia kamati.

"Hatasikia neno baya kutoka kwangu," anasema. "Nitamvisha shada, nitampa kakao ya moto. Wote wanne watasimama hapa na mifuko yao. Halafu nitamwambia, kaka, gari lako linabeba watatu, na mmoja leo ni wewe. Wataje wewe wawili wanaobaki."

Anateremsha kioo ili upepo uingie, kwa kuwa kiyoyozi hawashi, na kuanza kuupanda mlima.