Nilivyopoteza Kazi ya Ukalimani

Dada yangu mdogo ni kiziwi, na tangu utotoni mimi ndiye niliyekuwa nikiwatafsiria watu ishara zake. Nilijiona bingwa. Yeye akiashiria "chai ni moto," mimi nawaambia wageni kwamba chai imepikwa kwa upendo, wasiwe na haraka. Nimesoma hadi chuo kikuu. Sentensi fupi hunikera.

Wageni walipokaribia kuja kwetu Kapsoya kumposa, aliamua kujibu mwenyewe. Kwetu binti huulizwa hadharani kama anawajua wageni, na asipojibu, mazungumzo hayaendelei. Amesomea kompyuta, kwa hiyo alitengeneza programu ya simu: mtandao mdogo wa neva bandia, usiohitaji hata intaneti, unaotazama mikono kupitia kamera na kutamka maana papo hapo. Ulijua tu yale aliyoufundisha. Jioni alijifungia chumbani akirudia ishara zilezile mbele ya simu. Mimi sikuitwa.

Siku ikafika. Simu ikawekwa juu ya stuli. Mashangazi wakamtoa chumbani akiwa amefunikwa leso mabegani, ilivyo desturi, na nyingine juu yake kwa sababu ya baridi ya Julai, zote zikifika hadi viganjani.

Mzee wa upande wa wageni akauliza, nami nikamwashiria dada swali lake: "Mama, sisi unatujua?"

Leso zikatikisika. Simu kimya.

"Ama ni simu ndiyo inaolewa?" mzee akasema. Watu wakacheka.

"Imeisha chaji hiyo," shangazi akaninong'oneza. "Wewe msomi, si umsemee tu!"

Nikasimama, nikakohoa. Nilikuwa na aya kadhaa tayari, mojawapo ikigusia msitu wa Kaptagat. Dada akanitazama, akaitazama simu, akaelewa. Alikuwa ameifundisha akiwa na fulana. Simu haikuwahi kuona mikono iliyofunikwa leso. Basi akazivua leso zote mbele ya wakwe watarajiwa, akanibebesha mimi; shangazi akashika mdomo.

Akaashiria upya.

"Nawajua," simu ikasema kwa sauti ya msoma taarifa ya habari. "Karibuni."

Vigelegele. Nikafungua kinywa niwakaribishe rasmi. Akaashiria tena.

"Kaka asiongeze," simu ikasema.

Mzee akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Nikakaa na leso zangu, nikikumbuka kwamba mtandao ule haukujua neno lolote ambalo dada hakuwa ameufundisha.