Mpishi Aliyelainisha Maneno ya Padre

Saa moja kasoro robo asubuhi, katika jiko la nyumba ya mapadre, mpishi anamegua mkate vipande vidogo na kuvitumbukiza kwenye maziwa ya moto. Anasubiri vilainike. Anaonja kwa ncha ya ulimi, kisha anabeba bakuli hadi chumba cha mwisho, ambako mzee wa miaka themanini na mmoja ameketi, mkono wake wa kulia umelala pajani kama si wake.

Mzee huyo ndiye padre aliyeanzisha chuo kikuu hiki cha Kanisa Katoliki, miaka ishirini na mitatu iliyopita. Anameza kijiko cha kwanza, anamtazama mpishi, halafu anauliza kwa Kifaransa swali lile lile la kila asubuhi. Hii ni wiki ya tatu.

"Wamekubali?"

"Bado wanafikiria, Padre," mpishi anamjibu kwa Kifaransa hicho hicho, na kumfuta kidevu.

Si kweli. Wameshaamua. Mpishi anajua, kwa sababu alikuwepo.

Wanafunzi humwita Profesa wa Jikoni. Ni mjane wa miaka hamsini na minane aliyeishia darasa la saba. Mshahara wake hulipa kodi ya vyumba viwili na dawa zake za shinikizo la damu, na baada ya hapo haufiki tarehe ishirini. Kiingereza na Kifaransa chake hakuvipata darasani.

"Vyeti vyangu ni sufuria," anasema, na kucheka kidogo.

Chuo kilifunguliwa kwa wanafunzi thelathini na wanne, katika bweni la zamani la masista. Nusu yao walikuwa wamesoma kwa Kiingereza, nusu kwa Kifaransa, na wahadhiri nao hivyo hivyo. Mvua za kwanza zilipovujisha chumba cha vitabu, vitabu vyote vikahamishiwa jikoni, mahali pekee palipokuwa pakavu. Kwa miezi miwili mpishi alipika huku vijana wakisoma juu ya magunia, wakimpisha kila alipotaka kufikia unga.

Padre aliweka sheria moja. Kabla ya chakula cha mchana, kila mtu aseme Kiingereza. Baada ya chakula, Kifaransa. Hakusamehewa mtu, awe mhadhiri, mlinzi au mpishi.

"Asubuhi chumvi ilikuwa na jina hili, jioni ina jina lile. Nilikuwa natoka jasho!" anakumbuka. "Nikikosea hakunicheka. Aliniambia, 'Mama, rudia.' Nikimwambia vyombo vinaningoja, anakunja mikono ya kanzu anaviosha yeye, ili mimi nirudie."

Mwaka wa tano wanafunzi walifika mia nne. Mwaka wa kumi walipita elfu moja. Ghorofa zikapanda, jiko likapata mitungi ya gesi, na sheria ya mchana ikafa kimyakimya bila mtu kuifuta. Leo wanafunzi ni elfu mbili na mia sita. Wanaosoma kwa Kifaransa ni sitini na mmoja.

Miaka miwili iliyopita Padre alianguka bafuni akiwa ananyoa ndevu. Alipozinduka hospitalini, Kiingereza kilikuwa kimemtoka chote. Kiswahili kilibaki neno moja tu, "asante". Kilichosalia ni Kifaransa cha kwao alikokulia. Mtu aliyejenga chuo cha lugha mbili akabaki na moja, na katika nyumba anayoishi hakuna padre anayeielewa.

Si kwamba wamemtupa. Padre mmoja kijana huja kila Jumamosi kumnyoa, akimshika kidevu taratibu kama anayeshika yai, wala hawana neno la kusemezana. Lakini akitaka kusema jambo, anamngoja mpishi.

Ndiyo maana Baraza la Chuo lilipokaa kujadili kuufunga upande wa Kifaransa, mpishi aliitwa. Aliingia akisukuma kiti cha magurudumu, aproni ameisahau kiunoni. Mwenyekiti mwenyewe aliinuka akamvutia kiti.

"Karibu, Mama. Leo wewe ni mwenzetu," alimwambia.

Padre alisema maneno machache, polepole, macho yakizunguka meza nzima: "Niliwaahidi wazazi kwamba hapa hakuna mtoto atakayekuwa mgeni. Mkiufunga upande huu, mmenifanya mwongo. Basi futeni jina langu getini."

Watu kumi na mmoja, wote wasiojua Kifaransa, wakamgeukia mpishi.

"Nikaangalia zile nyuso," anasimulia. "Hao ndio wanaomlipia dawa. Yule aliyenivutia kiti alikuwa ananitabasamia. Nikajiwazia, nikiwaambia hivi watakasirika, watampeleka kwenye nyumba ya mapadre wazee, mbali huko. Nani atajua anataka maji? Basi ulimi ukanigeuka."

Aliwaambia hivi: "Padre anawashukuru sana kwa kazi. Anawaomba mfikirie tena, mkipata nafasi."

Walipiga makofi. Mjumbe mmoja akamwinamia jirani yake, "Mzee siku hizi amekuwa mpole." Kura zikapigwa: wanane waliafiki, watatu walikataa. Padre, aliyeona makofi na tabasamu, alitoka akiwa ameushika mkono wa mpishi kwa furaha.

"Wengine hutia chumvi maneno ya watu," mpishi anasema. "Mimi nilitia sukari. Afadhali ningenyamaza."

Kilichobaki ni kikao cha maaskofu, Alhamisi ijayo, hapa hapa chuoni. Wao ndio wenye neno la mwisho. Mpishi alimfuata katibu wa Baraza kuomba Padre asikilizwe tena, na katibu akamtafutia dakika tano katika ratiba iliyojaa. Hakumuuliza kwa nini.

Lakini kabla ya maaskofu kuna Padre mwenyewe. Mchana huu, vyombo vikiwa bado vimerundikana, mpishi anavuta kigoda karibu na kiti cha mzee na kumweleza yote: alichosema Padre, alichosema yeye, na kura zilivyokwenda. Sauti inamkatikakatika.

Mzee anageuza uso dirishani. Mpishi anangoja, mikono imebana magoti. Hatimaye Padre anayarudia maneno yake, yale yale, ila sasa kwa sauti ndogo. Akimaliza, anafumba macho na kuomba alale. Kwa mara ya kwanza tangu augue, hataki kushikwa mkono kuelekea kitandani. Anajikokota peke yake, akishika ukuta.

"Amenikasirikia, na ana haki," mpishi anasema mlangoni. "Alhamisi nitasema kama alivyosema. Wakimhamisha, nitaandamana naye, nitapika huko. Wasiponitaka, nitakwenda kumsalimia tu. Ila wale watoto sitini na mmoja, siwezi kuwaahidi kitu. Labda nimechelewa."

Jioni, nyumbani kwake, binti yake mshonaji anaacha cherehani na kujifanya askofu. Anaketi wima, kitambaa cha mteja kimemwangukia mabegani, uso ameukaza.

"Haya, Mama. Padre anasemaje?"

"Padre anasema, aliwaahidi wazazi..."

"Unatabasamu."

"Sitabasamu."

"Mama! Meno yote nje. Hata mimi mwanao ningekukatalia."

Mpishi anajipangusa mdomo kwa kiganja. Anasimama katikati ya chumba, mikono kando, na kuanza upya. Safari hii anafika kwenye "mmenifanya mwongo" bila kutabasamu, kisha anakwama.

Binti anamsogezea glasi ya maji, anamngoja anywe, halafu anaketi wima tena.

"Haya, Mama. Bado la getini."