Foleni ya Mtu Mmoja

Mwanangu alipotimiza miaka tisa alikuja kusherehekea kwangu Uyole, Mbeya, kwa mara ya kwanza tangu mimi na mama yake tuachane. Wao wanaishi Iringa, pamoja na mume mpya ambaye mtoto humwita baba wa Iringa. Mimi ni baba wa Mbeya. Utadhani tumegawana mikoa.

Nilikuwa na haja moja tu, wala sioni aibu kuisema. Kwetu mwenye siku yake ya kuzaliwa huwalisha wageni keki kwa mkono wake, mmoja mmoja, kwa foleni, akianza na walio karibu zaidi na moyo wake. Mwaka uliotangulia niliitazama foleni hiyo kwenye simu. Akalishwa mama, akalishwa baba wa Iringa, akalishwa bibi, mpaka watoto wa jirani. Mimi nilikuwa ndani ya simu, na simu hailishwi. Safari hii nilitaka mwanangu anilishe.

Ila keki hakuitaka. Alikuwa ameona video ya Wajapani wakila chakula cha kuonja: kinaletwa kisahani chenye kitu cha kumeza mara moja, kinaondolewa, kinaletwa kingine.

"Nataka hicho, baba."

Nikasema sawa. Ningesema sawa hata angetaka twiga.

Tatizo lilikuwa wali. Wajapani huuviringisha kwa majani ya baharini. Mimi nilikuwa na mboga ya chainizi ya sokoni Mwanjelwa, nikaichovya maji ya moto ilainike. Mchele nilikuwa nao wa Rujewa, na wali najua kuupika, maana upweke ni mwalimu mzuri wa mapishi. Ukaiva umechambuka, kila punje peke yake, kama tunavyopenda kusifia. Nilipouviringisha ukamwagika wote mezani. Nikapika mwingine, nikazidisha maji makusudi na kuuponda kwa mwiko. Jirani yangu, mama anayeniuziaga mboga, akachungulia sufuria.

"Jirani, una mgonjwa humu ndani?"

"Ni chakula cha Kijapani, mama."

"Yaani mchele wa Rujewa kabisa unaufanya bokoboko! Mungu akusamehe."

Nikamkaribisha aje tule pamoja. Akasema ana mazoezi ya kwaya kanisani.

Jioni tukaketi wawili, masweta tumeyafunga hadi shingoni kwa baridi. Nikaleta visahani vya chai kimoja kimoja: supu ya uyoga, kipande cha parachichi na limao, karoti iliyochovywa kwenye unga ikakaangwa. Kila nilipoweka kisahani niliinama kama mhudumu, naye akacheka. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone; nami nilipona kweli. Lakini kila nilipoingia jikoni niliisikia sebule ilivyonyamaza, mtoto mmoja katikati ya viti vitupu, nikaumia.

Mwisho nikaleta matonge ya wali ndani ya chainizi. Akashika vijiti vya mishkaki, akasimama.

"Sasa nalisha. Pangeni foleni."

Nikasimama mbele yake. Foleni ilikuwa mimi.

Akatazama nyuma yangu kama anayetafuta watu, akafikiri kidogo. "Basi wewe ni mama."

Nikafungua kinywa, nikala tonge la mama yake.

"Haya, rudi nyuma ya foleni."

Nikazunguka meza, nikaja tena.

"Sasa wewe ni baba wa Iringa."

Nikafungua kinywa. Lile lilikuwa gumu kumeza, wala kosa halikuwa la mpishi. Nikazunguka. Nikawa bibi, nikatembea nimepinda mgongo, akacheka hadi akashika meza. Nikawa mdogo wake wa kule Iringa, nikawa mwalimu wake, nikawa rafiki yake anayekaa naye dawati moja. Kila nilipoizunguka ile meza nilijiambia sasa ni zamu yangu. Nilipofika tena mbele, sahani ilikuwa tupu.

"Na baba wa Mbeya?" nikauliza, nikijitahidi kutabasamu. "Yeye hajalishwa."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Baba, si umekula vyote wewe?"

Kisha akaniwekea kiganja tumboni, kama bibi yake anavyompima yeye baada ya kula.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba, mwanangu," nikasema, nikakusanya visahani haraka na kuvipeleka jikoni, asinione.